Ukitaka kusoma nyota chuoni, anzia Malindi

Asalaam aleikum, hamjambo wadogo zangu. Nimeombwa niwaeleze kusoma astronomia na astrofizikia, yaani elimu ya nyota na fizikia yake, chuo kikuu kukoje, na mimi nitaanzia hapa hapa Malindi, maana wengi wanapita njia ya Ngomeni kila siku na hawajui ni nini kilifanyika pale baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, kwenye jukwaa la San Marco, ilirushwa roketi imebeba setelaiti ya NASA, na kwa heshima ya siku yenyewe ikaitwa Uhuru. Ndiyo setelaiti ya kwanza duniani kurushwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei tu, yaani kutafuta eksirei zinazotoka angani. Ilirushwa huku kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta, ardhi inazunguka kama kilomita 1,670 kwa saa, kwa hiyo roketi ikielekea mashariki inapata msukumo wa bure.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndio utamu wenyewe. Uhuru ikaona kitu kinaitwa Centaurus X-3, kinatoa mpigo wa eksirei kila sekunde 4.8. Wanasayansi wakaangalia kwa makini wakaona ile mipigo mara inabanana kidogo mara inaachana, halafu inarudia hivyo hivyo kila siku 2.1, na katika kila mzunguko inapotea kabisa karibu nusu siku kisha inarudi. Fikiria mtu anapiga ngoma huku anakimbia kuzunguka uwanja, akija upande wako midundo inakaribiana, akienda zake inaachana. Basi wakajua kile kitu kinazunguka nyota nyingine kubwa, na kikipita nyuma yake kinafichwa. Kwa sheria za Kepler na Newton, zile zile zinazoeleza sayari zinavyozunguka Jua, wakapata mpaka uzito wa ile nyota kubwa ni takriban mara 20 ya Jua. Hiki kidogo kinachopiga ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichobanana sana cha nyota kubwa iliyolipuka. Hakuna aliyeviona viwili hivyo vikizunguka, ni saa na hesabu tu! Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi ya Uhuru alipewa Nobel ya fizikia 2002.

Na digrii yenyewe iko hivyo. Utasoma kalkulasi, mekanika, umeme na sumaku, kwantamu, takwimu, na programu za kompyuta hasa Python, na nawaambia ukweli miaka miwili ya mwanzo utaona integro nyingi kuliko nyota, wengine wanakata tamaa hapo hapo na mimi inaniuma sana kwa sababu utamu ulikuwa unakuja mwaka wa tatu. Kwa hiyo ukiwa sekondari shikilia hesabu na fizikia, usidanganywe kwamba kupenda mbingu kunatosha.

Nairobi chuo kikuu kuna shahada ya kwanza ya hii kitu. Baadaye ukitaka kuendelea kuna Cape Town, ambako programu ya NASSP, ya taifa la Afrika Kusini ya astrofizikia na sayansi ya anga, inachukua wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, na kule Afrika Kusini kuna darubini ya SALT pale Sutherland na madishi 64 ya MeerKAT, darubini ya mawimbi ya redio, yaliyozinduliwa 2018.

Mzazi akikuuliza darubini utanunua na nini, mwambie data iko wazi. Gaia, setelaiti ya Ulaya, imepima nyota karibu bilioni 1.8 na orodha yake ni bure kwa mtu yeyote mwenye intaneti. Leo usiku ingia, omba nyota zenye paralaksi (kiasi nyota inavyoonekana kusogea Dunia ikizunguka Jua) zaidi ya milisekunde-tao 100, hicho ni kipimo kidogo sana cha pembe, halafu chukua 1,000 gawanya kwa hiyo namba, unapata umbali kwa parseki. Proxima Centauri utaiona na 768 hivi, gawanya, ni parseki 1.3, zidisha kwa 3.26 upate miaka ya nuru. Mkishamaliza hiyo orodha nileteeni wiki ijayo, tutazichora kwa rangi na mng'ao tuone zipi ni vibete vyekundu, yaani nyota ndogo zenye mwanga hafifu, nadhani mtashangaa zilivyo nyingi.