Galaksi Kibete si Makombo
(Mhadhara uliotolewa Kigoma mjini)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliobanana huko nyuma, karibuni.

Nimelisema hili Kasulu, nimelisema Tabora, na leo nalirudia: galaksi kibete zenye umbo la tufe, yaani makundi ya nyota madogo kuliko galaksi yetu, si makombo. Kila nikisahihisha karatasi za wanafunzi nakuta sentensi ileile, kwamba hivi vibete ni "mabaki ya Njia Nyeupe". Nani aliwaambia? Mtu ameona kitu kina mwanga hafifu, basi amehitimisha kwamba ni kitu chepesi. Kosa liko hapo, na ndilo nililokuja kulipiga vita.

Njia Nyeupe, galaksi yetu wenyewe, mnaijua, sitaieleza. Vibete hivi vinaizunguka. Havina mikono ya nyota inayojikunja, karibu havina gesi kabisa, na nyota zake nyingi ni kongwe. Cha kwanza kupatikana ni Sculptor, na hakikugunduliwa kwa picha za Ulaya. Kilionekana kwenye mabamba ya picha yaliyopigwa hapa hapa Afrika, Bloemfontein, kwenye kituo cha Boyden. Mwanaanga Harlow Shapley alikitangaza mwaka 1938, na kibete cha pili, Fornax, kikafuata mwaka huohuo. Mwezi wa Novemba, saa nne za usiku, Sculptor iko juu kabisa upande wetu wa kusini. Kwa macho hamtaiona, lakini ipo.

Sasa sikilizeni habari ya kibete kingine, Draco. Hiyo iko kaskazini, mwezi wa Julai mnaitafuta chini chini upande wa Burundi, umbali wa miakanuru 250,000 hivi, na mwakanuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja. Mwaka 1983 mwanaanga Marc Aaronson alichapisha vipimo vya nyota tatu tu za Draco. Tatu! Zilikuwa nyota za kaboni, yaani nyota zilizozeeka zenye kaboni nyingi usoni, ambazo mwanga wake unatosha kuchambuliwa kwa darubini kubwa. Alipima kila moja inakwenda kwa kasi gani, kuja kwetu au kutuacha. Kama Draco ingekuwa na nyota zake tu na si zaidi, kasi hizo zingetofautiana kwa kilomita 1 au 2 kwa sekunde. Zilitofautiana zaidi ya hivyo. Akasema, kwa tahadhari, kwamba kwa kila kiasi cha mwanga Draco ina uzito mara kumi hivi kuliko vishada vya nyota tulivyovizoea. Vipimo vya baadaye, vya mamia ya nyota, vimeweka tofauti hiyo kwenye kilomita 9 hivi kwa sekunde.

Fanyeni hesabu nami. Kilomita 9 ni karibu mara 5 ya zile 1 au 2. Uzito unakwenda kwa kipeo cha pili cha kasi. Kasi ikizidi mara 5, uzito unaohitajika kuzizuia nyota zisitoroke unazidi mara 25. Umetoka wapi, na nyota hazitoshi, na gesi hakuna? Hiyo ndiyo maada ya giza, isiyotoa mwanga, inayojulikana kwa mvuto wake tu.

Simameni ufukweni Kibirizi usiku usio na mbalamwezi, mtazame taa za wavuvi wa dagaa. Ukali wa taa hausemi lolote kuhusu wimbi lililo chini yake. Taa ikianza kupanda na kushuka, mzee wa Ujiji atakwambia wimbi lina ukubwa gani, ingawa yeye hayaoni maji yenyewe. Ndivyo Aaronson alivyofanya.

Najua kuna mtu amekaa na swali lake: "Mwalimu, nyota tatu ni ushahidi gani? Labda ni nyota pacha zinazozungukana, ndiyo maana zinakimbia." Swali zuri, na wanaanga waliliuliza kabla yako. Nyota pacha hujiumbua: ukirudi baada ya mwaka mmoja au miwili, kasi yake imebadilika. Wamerudi kupima, wameondoa zenye kubadilika, na uzito wa Draco umebaki palepale.

Mwingine atasema Njia Nyeupe inaichana Draco, nyota zinakimbia kwa sababu zinatawanyika. Haya, tunajua kibete kinachochanwa kinafananaje. Sagittarius, iliyogunduliwa mwaka 1994 na Ibata, Gilmore na Irwin, imevutwa mpaka nyota zake zimekuwa utepe unaoizunguka anga nzima. Draco imetafutwa mikia kama hiyo, haikupatikana. Tusibuni msiba pasipo na maiti.

Gesi ilikwenda wapi? Hapa nakimbia kidogo. Njia Nyeupe imezungukwa na gesi ya moto, nyembamba sana, na kibete kikikatiza ndani yake, gesi yake hupeperushwa. Nyota kubwa zinazolipuka nazo husukuma gesi nje. Vile vidogo kabisa huenda gesi yao ilichemshwa na mwanga wa nyota za mwanzo, uzazi wa nyota ukazimika mapema. Lakini msidhani vyote vilikufa pamoja. Kibete cha Carina kilizaa nyota kwa vipindi, kikapumzika mabilioni ya miaka, kikazaa tena. Fornax imeendelea kuzaa hadi miaka milioni mia kadhaa iliyopita. Makombo hayazai.

Na kwa kuwa vibete havina gesi wala vurugu, ndipo mahali safi pa kuitafuta maada ya giza. Darubini ya Fermi, iliyorushwa mwaka 2008, imevikodolea macho ikitafuta miali ya gama, mwanga wenye nguvu nyingi ambao nadharia zinasema chembe za maada ya giza huenda zikautoa zikigongana. Hadi sasa hakuna ishara iliyothibitishwa, na huko kukosa kwenyewe kumefuta nadharia kadhaa zilizotungwa kwa mbwembwe.

Nilitaka kusema juu ya Gaia, chombo cha angani kilichopima mahali na mwendo wa nyota, na mizunguko ya vibete hivi, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Tutayagusa kwenye maswali. Hesabu ya mara 25 nimeiacha ubaoni. Anayetaka kunipinga aanze nayo.