Mama, kiwanja cha Kibaha usikiuze kwanza

Habari zenu jamani, karibuni tena. Leo narekodi nikiwa kwenye gari, hapa Sharjah, nje ya kwangu, maana ndani watoto wamelala na mimi nina ndege ya kurusha usiku. Kuna meseji imeingia juzi imeninyima raha, nikaona niijibu mbele ya wote kwa sababu wengi wenu mnaniuliza hilohilo.

Ni mama mmoja yuko Dar. Kijana wake amemaliza urubani, ana leseni ya kurusha ndege za biashara, ana saa 200 na kidogo za kuruka, kazi hajapata. Sasa anataka akasomee retingi ya Airbus A320 Ulaya na mama ana kiwanja Kibaha, ananiuliza mwanangu nikiuze?

Mama, shikamoo. Usikiuze kwanza, nisikilize.

Kwa wasiojua, ndege kubwa kila aina ina ruhusa yake kwenye leseni, ndiyo hiyo retingi. Dereva wa Coaster ukimpa Yutong ataizoea njiani, huku hakuna kitu hicho, ukitoka ATR, ile ndege ya pangaboi, kwenda Airbus unarudi darasani, unakaa wiki kadhaa kwenye simuleta, mashine ya kuigiza ndege, unazimiwa injini, unawashiwa moto, mpaka mkaguzi aridhike. Na Ulaya A320 inaanzia kama yuro 15,000, ukipiga hesabu ya nauli na kulala na kula unaweza kufika 30,000, maana mwenye saa chache simuleta peke yake haimtoshi, lazima apewe ndege yenyewe, tupu bila abiria, apae na kutua kama mara 6, na mafuta ya ndege ile analipa nani? Ni kiwanja chako mama.

Halafu ikishaandikwa kwenye leseni ina mwaka mmoja tu. Mwaka ukiisha hujapata kazi unalipia simuleta tena upimwe upya, na mwaka unaofuata hivyohivyo. Retingi bila saa za kuruka inaoza, yaani ni kama kununua samaki wengi na friji huna.

Haya nasema kwa uchungu kwa sababu yamenikuta. Nilikuwa narusha ATR nyumbani, kazi nzuri tu, nikaambiwa na chuo kimoja nje kwamba kuna shirika linachukua watu wa Boeing 737, chukua retingi utapata kiti. Nikakopa, nikaenda, nikamaliza Februari 2019. Machi 10 ikaanguka ile ndege ya Ethiopian pale Bishoftu, watu 157, Mungu awarehemu, ndani ya siku chache 737 MAX, toleo jipya la 737 kama hiyo iliyoanguka, zikazuiwa kuruka dunia nzima. Mashirika yaliyokuwa yanazisubiri yakasimamisha ajira, nikipiga simu kule chuoni wananiambia subiri kidogo, subiri kidogo, na mimi nasubiri huku deni linakatwa kila mwezi. Mwaka wa retingi ukakaribia kuisha, nikasema wacha nilipie nipimwe tena, ikaingia korona. Ikafa pale. Sijawahi kurusha 737 yenye abiria hata siku moja.

Sasa kilichonipa kazi huku ni nini? 2022 naitwa kwenye usaili, shirika la A320, mimi A320 sijawahi kuigusa. Yule kapteni aliyenihoji ukurasa wa 737 aliupita kama hauoni, akakaa kwenye ATR, umefanya saa ngapi, umetua wapi kwenye mvua, siku kapteni wako alipokosea ulimwambiaje. Wakanichukua, wakanisomesha wao, nikasaini bondi ya miaka 3 kwamba nikiondoka kabla nawarudishia hela. Bondi ni kamba shingoni sikatai, lakini upande wa pili wa kamba kuna kiti na mshahara.

Na kichwani Boeing na Airbus zinagombana, hili watu hawalisemi. Boeing unashika usukani, na mfumo ukiongeza nguvu ya injini zile liva, vishikio vya nguvu ya injini, zinatembea chini ya kiganja chako, mkono unajua kabla ya jicho. Airbus una kifimbo pembeni, na liva zimetulia palepale nguvu ipande ishuke, lazima usome kwenye skrini. Siku yangu ya kwanza simuleta ya A320, saa 8 usiku, wakanizimia injini tunapaa, mkono wangu ukaganda kwenye liva unasubiri zisogee. Hazikusogea. Mwalimu akanigusa bega, soma skrini kaka.

Sisemi kuongeza retingi ya ndege nyingine ni vibaya. Kama umeajiriwa, unarusha Dash 8, pangaboi nyingine, na kampuni inakuhamishia ndege nyingine kwa hela yao, nenda, ila uliza kwanza foleni yako ya ukapteni itakuwaje, maana wapo walioacha kiti cha kushoto, kile cha kapteni, ikawauma miaka. Kama una barua ya ajira mkononi, barua yenye saini, siyo maneno ya chuo, hapo tukae tupige hesabu. Na uangalie unaipeleka wapi, Air Tanzania wana Dash 8, A220, 737 MAX na 787, Precision ni ATR, Kenya Airways wana 787, 737 na Embraer, sasa A320 ya kijana wako kwa hapo nyumbani itatua wapi? Na A220 ni Airbus kwa jina ila retingi yake ni nyingine kabisa.

Mwenye saa 200 aende Arusha, aende Zanzibar, agonge milango ya kampuni za Caravan, zile ndege ndogo za injini moja. Mshahara mdogo najua, jua kali, mizigo unapanga mwenyewe, lakini Dar Zanzibar dakika 20 unapaa unatua unapaa unatua, jioni daftari lako la saa limejaa.

Mama, mwambie anitumie picha ya ukurasa wa mwisho wa daftari hilo, na lini mara ya mwisho ameruka, hata kama ni miezi asione aibu. Nitamwelekeza aanzie mlango upi, nitampigia mwenyewe Jumapili nikirudi. Wacha nikalale, naripoti saa 9 usiku.