Picha ya Ubongo wa Mgonjwa Asiyeweza Kusema

Walimu wenzangu, wanafunzi wa uuguzi, wazazi mliofika: shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie vipimo vya picha vya ubongo. Uwanja huo ni mpana, kwa hiyo leo nitashika upande mmoja tu, wa mgonjwa ambaye hawezi kutuambia kinachomsibu. Aliyevunjika mguu ataonyesha panapouma. Aliyepoteza fahamu haonyeshi chochote, na fuvu limefunika kila kitu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo vipimo hivi vimetufaa kuliko popote pengine.

Tuanze na jirani zetu wa Blantyre, Malawi. Kwa miaka mingi Dkt. Terrie Taylor na wenzake katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth walikuwa wakiwapoteza watoto wenye malaria ya ubongo bila kujua hasa kinachowaua. Ugonjwa wenyewe mnaujua: homa, degedege, kisha mtoto haamki. Dawa inaua vimelea kwenye damu, na bado mtoto anafariki. Mwaka 2004 walichapisha matokeo ya uchunguzi wa miili ya watoto 31 walioaminika kufa kwa malaria hiyo. Saba kati yao waliuawa na kitu kingine kabisa. Dalili pekee iliyowatenganisha hao saba na wenye malaria ya ubongo kweli, walipokuwa hai, ilikuwa mabadiliko kwenye retina, yaani utando wa nyuma ndani ya jicho.

Mwaka 2008 wakapata mashine ya MRI. Mashine hii haitumii eksirei. Ni sumaku yenye nguvu inayozipanga chembe za haidrojeni zilizomo kwenye maji ya mwili. Mawimbi ya redio yanazisukuma, nazo zikirudi mahali pake zinatoa ishara ambayo kompyuta huigeuza kuwa picha. Kwenye picha ya ubongo wa kawaida utaona mikunjo mingi, na kati ya mkunjo na mkunjo pana mfereji wenye maji. Kwa watoto wengi wa Blantyre mifereji hiyo ilikuwa imefutika. Ubongo umejaa, umebanana na fuvu, hauna pa kwenda ila chini, kulikandamiza shina la ubongo. Na shina ndilo linaloongoza pumzi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Watoto 168 walipigwa picha. 25 walifariki, na kati ya hao 25, watoto 21 walilazwa wakiwa tayari na uvimbe mkali wa ubongo. Katika 143 walionusurika, wenye uvimbe wa namna hiyo walikuwa 39. Lakini jambo lililonigusa zaidi ni picha zilizorudiwa. Kwa walionusurika, uvimbe ulipungua haraka, ndani ya siku chache. Fikirini maana yake, ndugu zangu: kinachomuua mtoto ni kitu cha muda. Akivushwa siku hizo chache huku akisaidiwa kupumua, huenda akaishi. Hilo halikuwa likisemwa kwa uhakika kabla ya picha hizi, na ndilo lililofungua mlango wa majaribio ya kutumia mashine za kupumulia kwa watoto hawa.

Mtaniambia MRI ni ghali, na ni kweli. Sumaku kubwa inataka heliamu ya maji ya kuipoza, umeme usiokatika na mafundi. Ndiyo maana nafurahia kazi ya Johnes Obungoloch na wenzake wa Mbarara, Uganda, ambao mwaka 2022 waliunganisha palepale chuoni mashine yenye sumaku dhaifu isiyohitaji heliamu. Picha zake hazina ukali wa zile za mashine kubwa, ila lengo lao ni watoto wenye vichwa vikubwa, na kuona maji yalivyojaa kichwani hakudai picha kali.

Sasa tuje kwenye utendaji wa ubongo. Hapa naomba tuwe waangalifu.

Mwaka 1990 Seiji Ogawa, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alionyesha kwamba damu iliyopungukiwa oksijeni inaivuruga ishara ya MRI. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, damu mpya humiminika pale, na ishara inapanda. Inafika kileleni baada ya sekunde tano au sita, ilhali seli za ubongo zimeshamaliza shughuli zamani. Kwa hiyo tunachokiona ni damu, wala si wazo. Yale madoa mekundu na ya manjano mnayoyaona magazetini hayamo kichwani mwa mtu. Kompyuta imelinganisha maelfu ya vipande vya ubongo katika hali mbili, kisha ikapaka rangi pale tofauti ilipovuka kiwango alichokiweka mtafiti. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki mfu ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu. Hesabu zilipofanywa kizembe, ubongo wa samaki ulitoa madoa. Ziliporekebishwa, madoa yakatoweka. Basi mtu akikuambia mashine hii inasoma mawazo, muulize amelinganisha nini na nini.

Ulinganisho ukifanywa vizuri, unaweza kutuambia jambo zito. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake waliandika habari za mwanamke wa miaka 23 aliyeumia kichwa katika ajali ya gari. Alikuwa akifumbua macho, lakini haitikii chochote. Wakamwambia awaze anacheza tenisi. Wakamwambia tena awaze anatembea chumba hadi chumba nyumbani kwake. Kila agizo liliamsha sehemu yake ya ubongo, zilezile zinazoamka kwa watu wazima wa afya. Wapo waliodai kwamba neno “tenisi” lenyewe liliamsha ubongo bila yeye kuelewa. Lakini ishara ilidumu sekunde 30 nzima, hadi alipoambiwa apumzike.

Mwaka 2010 walipima wagonjwa 54 walioumia ubongo vibaya, Uingereza na Ubelgiji, na watano waliweza kuwaza walivyoagizwa. Mmoja wao alitumia tenisi kwa “ndiyo” na nyumba kwa “hapana”, akajibu sawasawa maswali matano kati ya sita kuhusu familia yake. Kisha mwaka 2024 ukatoka utafiti mkubwa zaidi: katika wagonjwa 241 wasiotii agizo lolote kitandani, 60 ubongo wao ulionekana kufuata maagizo.

Ni robo nzima hiyo. Wauguzi, mnapomgeuza mgonjwa kama huyo, mtajieni jina lenu na mwambieni mnachofanya, na ndugu wanaokuja kumwona waombeni wasipange mazishi pembeni ya kitanda.

Na kwa viongozi wa hospitali waliopo: utafiti huo wa 2024 haukutegemea MRI peke yake, ulitumia pia EEG, kipimo cha umeme wa ubongo ambacho Hans Berger alikianza kwa binadamu mwaka 1924. Mashine yake inafuata mgonjwa kitandani, na baadhi yenu mnayo tayari kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa. Kinachokosekana ni watu waliofundishwa kuchambua ishara zake kwa kazi hii, na hao wanaweza kuanza kusomeshwa mwaka huu.