Kutolewa Raundi ya Kwanza

ZUHURA: Karibuni tena jamani. Leo ni tenisi, ila nyota kina Alcaraz na Sinner tunawaweka kando. Kaka Kassim anamtaka mtu wa nafasi ya mia tano duniani.

KASSIM: Wa mia tano, dada, kwa sababu hesabu yake inanisumbua. Ukitolewa raundi ya kwanza Wimbledon 2025, umeondoka na pauni 66,000. Mwenzio katolewa raundi hiyohiyo kwenye mashindano ya ngazi ya chini ya ITF, shirikisho la tenisi duniani, yale ya dola 15,000. Anapewa dola 150 na ushee.

ZUHURA: Si umesema 15,000?

KASSIM: Hizo ni za mashindano mazima, singo ya mmoja kwa mmoja na dabo ya wawili wawili. Bingwa wa singo mwenyewe anaondoka na 2,000 na kidogo. Hiyo 150 toa hoteli, toa chakula, toa nyuzi za raketi.

ZUHURA: Na kocha?

KASSIM: Kocha yupi? Wengi wanasafiri peke yao. Wanachangia chumba wawili, na droo, yaani ratiba ya nani acheze na nani, ikitoka huenda wakapangwa wao kwa wao.

ZUHURA: Usiku mnakoromeana, asubuhi mnachapana!

KASSIM: Wapo wanaobeba mashine ya kufungia nyuzi, wanawafungia wenzao kwa malipo. Wengine majira ya joto wanakimbilia ligi za klabu Ujerumani, maana kule unalipwa kwa mechi. Na pointi zinazokupa nafasi duniani zinadumu wiki 52 tu. Ulichoshinda mwaka jana wiki hii, usipokishinda tena kinafutika.

ZUHURA: Sasa mstari wenyewe uko wapi? Wa kula na kutokula?

KASSIM: Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kama Wimbledon, kila moja lina wachezaji 128 wa singo, na 104 kati yao huingia kwa nafasi zao duniani. Walio nyuma kidogo, mpaka mia mbili na thelathini hivi, wanapata mechi za kufuzu. Hata ukipoteza ya kwanza ya kufuzu Wimbledon, ni zaidi ya pauni 15,000. Fanya hivyo mara nne kwa mwaka, msimu umejilipia. ATP nao, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume, walianza 2024 mpango wa kima cha chini: mwaka huo wa 176 hadi 250 walihakikishiwa dola 75,000.

ZUHURA: Wa 251?

KASSIM: Ajitegemee. Hapo ndipo ninapogombana nao.

ZUHURA: Halafu kuna wacheza kamari. Mkeka ukichanika, mtu anaingia mtandaoni kumtukana binti aliyelipwa dola mia moja.

KASSIM: Na wengine wanakuja na bahasha kabla ya mechi. Ripoti ya uchunguzi huru ya 2018 iliona upangaji matokeo umeshamiri zaidi huku chini. Kosa ni kosa, lakini usishangae.

ZUHURA: Na yule Mwingereza wa nafasi za chini aliyecheza na bingwa Federer Wimbledon?

KASSIM: Marcus Willis! 2016, nafasi ya 772, anafundisha tenisi klabuni, alikuwa anataka kuhamia Marekani akafundishe huko. Mpenzi wake akamzuia. Akashinda mechi sita za mchujo, akampiga Berankis raundi ya kwanza, kisha Federer akamlaza seti ya kwanza 6-0.

ZUHURA: Lakini ile lobu, mpira wa juu aliompitishia Federer kichwani...

KASSIM: Uwanja mzima ulisimama! Akaondoka na pauni 50,000. Baadaye akaachana na singo, akaenda dabo.