Namna ya Kuzitambua Tishu za Mmea na za Mnyama kwa Vitu vya Sokoni na Jikoni

Karibu, mtazamaji. Katika video hii nitakuonyesha, hatua kwa hatua, namna ya kuzitambua tishu kuu za mmea na za mnyama kwa kutumia kitunguu, bua changa la mahindi, mche wa maharage, kipande cha muwa, shina la mrehani, pera lililoiva, na kuku mmoja aliyechinjwa ambaye bado ana miguu, moyo na firigisi yake. Tishu ni kundi la seli zilizoungana ili kufanya kazi fulani, na wanafunzi wengi hukariri majina ya tishu kutoka ubaoni bila kuwahi kuigusa hata moja. Jambo hilo hunisikitisha, kwa sababu tishu hueleza kazi yake yenyewe pale unapoivuta, unapoikata au unapoichemsha.

Ikiwa huna hadubini, usiifunge video. Daktari wa Kifaransa aitwaye Xavier Bichat, aliyefariki mwaka 1802 akiwa na umri wa miaka 30 tu, alibainisha aina 21 za tishu katika mwili wa binadamu bila kutegemea hadubini. Alizikata, akazichemsha, akazikausha na kuziloweka katika asidi, kisha akaangalia ni ipi inayolainika, ipi inayosinyaa na ipi inayobaki kama ilivyokuwa. Sisi leo tutaifuata njia hiyo, na wale wenye hadubini nitawaambia mahali pa kuitumia.

Andaa kisu kikali, wembe mpya, kibao cha kukatia, glasi mbili, rangi nyekundu ya chakula, siki na sufuria ndogo. Wembe ushikwe na mtu mzima, au mwanafunzi aliye chini ya uangalizi, naye akate kuelekea mbali na vidole.

Kazi ya kwanza hufanywa asubuhi, kwa kuwa inahitaji muda. Jaza maji nusu ya kila glasi, utie rangi nyekundu hadi maji yawe mekundu kweli. Kata ncha ya chini ya bua la mahindi na ya mche wa maharage zikiwa zimezama ndani ya bakuli la maji, ili hewa isiingie na kuziba mirija, kisha uzihamishie haraka kwenye glasi zenye rangi. Acha majani yote juu yake, na uweke glasi mahali penye mwanga na upepo. Majani ndiyo yanayoyavuta maji kwenda juu kadiri yanavyopoteza mvuke, kwa hiyo ukiyaondoa, rangi itapanda kwa shida sana.

Wakati rangi inapanda, tushughulikie kitunguu. Kikate vipande vinne, chukua tabaka moja la ndani, livunje kwa kulikunja, na uvute taratibu ule utando mwembamba unaong'oka upande wa ndani. Nasogeza kamera karibu ili uone kwamba utando huo unapitisha mwanga. Hiyo ni epidemisi, tishu inayofunika mmea na kuuzuia usipoteze maji ovyo. Mwenye hadubini autandaze utando juu ya slaidi, adondoshee tone la ayodini, aufunike kwa kioo chembamba, na ataona seli zilizopangwa kama matofali ya ukuta, kila moja ikiwa na kiini chake. Hakuna upenyo kati ya seli moja na nyingine, na hilo peke yake linatosha kukueleza kazi ya tishu hii.

Jioni turudi kwenye glasi zetu. Toa bua la mahindi, lioshe kwa nje, ulikate kwa wembe kuwa vipande vyembamba vya mviringo. Unaona nukta nyekundu zilizotawanyika kote, nyingi zaidi karibu na ukingo. Sasa kata shina la maharage kwa namna hiyo hiyo: hapa nukta zimejipanga kwa duara. Sehemu iliyoshika rangi ni zailemu, tishu inayopandisha maji na chumvichumvi kutoka mizizini. Mirija ya zailemu imeundwa na seli zilizokufa, zikabaki kuta tupu zilizoimarishwa kwa lignini, kemikali inayoupa mti ugumu, na kuungana kichwa kwa kichwa, nayo hulisaidia shina kusimama wima. Ni tishu inayoanza kufanya kazi yake kamili baada ya seli zake kufa, na mimi huona hilo kuwa mojawapo ya mambo ya kustaajabisha zaidi katika somo hili.

Floemu haikushika rangi, lakini ipo, ikiandamana na zailemu kwa upande wa nje. Hiyo husafirisha sukari iliyotengenezwa majanini kwenda kila mahali inakohitajika, iwe mizizini, kwenye matunda au kwenye vichipukizi. Huhitaji kuikata ili uijue: mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina lote hufa polepole, hata kama mvua inanyesha, kwa sababu floemu imeondoka pamoja na gome na mizizi inakosa chakula. Wachimbao dawa za miti, nawaomba wachukue gome upande mmoja tu wa shina.

Baina ya zailemu na floemu ya miti kama mwembe kuna tabaka jembamba liitwalo kambiamu, ambalo seli zake hugawanyika na kulinenepesha shina. Hii ni mojawapo ya tishu za ukuaji, zinazoitwa meristemu. Nyingine zimo kwenye ncha za mizizi na za vichipukizi. Anayebebesha mche wa mwembe huilinganisha kambiamu ya kikonyo, yaani kijitawi kinachopachikwa, na ya shina linalopokea, la sivyo kikonyo hakishiki. Mnazi hauna kambiamu. Ndiyo maana vidato vilivyochongwa na wakwezi hubaki wazi kwenye shina maisha yote ya mnazi, ilhali jeraha la mwembe hufunikwa kidogo kidogo na tishu mpya.

Sasa chukua muwa, uumenye na uutafune. Utamu unaoumeza umetoka kwenye parenkima, tishu ya seli laini zenye kuta nyembamba ambayo kazi yake kubwa ni kuhifadhi maji na chakula, na makapi unayoyatema kwa sehemu kubwa ni mirija na nyuzi zake ngumu. Kila aliyewahi kula muwa amekwisha kuzitenganisha tishu kwa meno yake. Kiazi na muhogo navyo ni parenkima iliyojaa wanga.

Shina changa la mrehani lina pembe nne. Lipapase, kisha ulipinde: linakubali kupinda bila kuvunjika. Kwenye pembe hizo kuna kolenkima, tishu ya seli hai zenye kuta nene zisizo sawasawa, inayolishikilia shina likiwa bado linarefuka. Baada ya hapo uma pera, utafune nyama ya nje, isiyo na mbegu, polepole. Zile chembe ngumu zinazokwaruza meno ni seli mawe, mojawapo ya aina za sklerenkima, ambayo kuta zake zimejaa lignini na seli zake nyingi zimekufa. Nyuzi za katani ni sklerenkima pia, ila zenyewe ni ndefu na hustahimili kuvutwa.

Tuingie upande wa mnyama. Nyama mbichi ya kuku huweza kubeba vijidudu vya magonjwa, kwa hiyo tumia kibao cha peke yake, usiguse uso wala chakula kingine wakati wa kazi, na ukimaliza osha mikono na vifaa vyote kwa sabuni.

Anza na ngozi. Ivute kutoka kwenye paja, na utaona kwamba inashikizwa chini kwa utando mweupe unaokatika kama utando wa buibui. Sehemu ya juu kabisa ya ngozi ni tishu ya epithelia, ambayo hufunika mwili kwa nje, hutanda ndani ya utumbo ili kufyonza chakula, na huunda tezi zinazotoa majimaji. Utando mweupe ulio chini, pamoja na mafuta ya manjano yaliyoshikamana nao, ni tishu unganishi. Mwenye hadubini anaweza kupitisha pamba safi ya kijiti ndani ya shavu lake, aipake kwenye slaidi, atie tone la methilini bluu, na ataona seli bapa za epithelia yake mwenyewe.

Hatua inayofuata ndiyo niipendayo kuliko zote, kwa kuwa kuku mmoja anatupatia aina zote tatu za misuli. Weka kipande cha paja, moyo na firigisi kwenye sufuria moja, uvichemshe hadi viive, kisha uviache vipoe. Chambua paja kwa vidole: linaachana kuwa nyuzi ndefu zilizonyooka upande mmoja. Kila uzi unaouona ni fungu la seli nyingi, maana seli moja ni nyembamba mno kwa jicho. Huu ni msuli wa mifupa, ambao kuku huuamuru apendavyo, na ambao huvuta katika mwelekeo wa nyuzi zake. Jaribu kuuchambua moyo kwa namna hiyo na utaona hauchambuki vizuri, kwa sababu seli za msuli wa moyo zina matawi na zimeungana pande zote, ili mpigo mmoja uenee moyo mzima, na msuli huu hudunda tangu kiinitete hadi kifo bila kupumzika. Firigisi ni msuli laini, aina ile ile inayopatikana katika kuta za utumbo na za mishipa ya damu, inayofanya kazi bila mnyama kuiamuru. Neno laini hapa lisikudanganye, kwani linaeleza kwamba seli zake hazina mistari zikitazamwa kwa hadubini. Kwa ukakamavu, firigisi inalishinda paja, na inabidi iwe hivyo, kwa kuwa kuku hana meno na husaga nafaka humo pamoja na vijiwe. Ule utando wa manjano ambao wapishi huumenya na kuutupa si tishu: ni ute wa tezi ulioganda kuwa ngao.

Chukua sasa mguu wenye vidole, ambao haujachemshwa. Pale ulipokatwa, upande wa nyuma, tafuta kamba nyeupe zinazong'aa, ushike mojawapo kwa koleo au kwa kitambaa kikavu, na uivute. Tazama vidole: vinajikunja kana kwamba kuku yu hai. Kamba hiyo ni kano, tishu unganishi inayoufunga msuli kwenye mfupa. Haijifupishi yenyewe, hupokea tu mvuto wa msuli na kuufikisha mbali, na kwa sababu hiyo imejaa nyuzi za kolajeni, protini imara, zilizolala sambamba. Kata kipande kidogo cha kano, ukihifadhi.

Kwenye kichwa cha mfupa wa paja utaona kitu cheupe chenye rangi ya samawati kidogo, kinachoteleza na kukatika kwa kisu. Hilo ni gegedu, linalozuia mifupa isisagane. Ndani yake hamna mishipa ya damu, na kwa hiyo likiumia hupona kwa taabu. Damu nayo huhesabiwa miongoni mwa tishu unganishi, ingawa ni majimaji, kwa kuwa seli zake huelea ndani ya plazima, yaani majimaji ya damu, kama seli za mfupa zinavyokaa ndani ya madini.

Tishu ya neva ni ngumu kuipata, kwa hiyo usiharakishe. Kwenye paja bichi, tenganisha misuli ya nyuma kwa vidole, bila kisu, mpaka uone uzi mweupe unaopita kati ya misuli sambamba na mshipa wa damu. Wengi hudhani ni kano. Ufuate hadi mwisho: kano ingejishikiza mfupani, lakini uzi huu unagawanyika matawi na kuzama ndani ya misuli. Ndani yake mna nyuzi za seli ambazo miili yake imo uti wa mgongo au karibu nao, zinazopeleka amri kwenye misuli na kurudisha habari za maumivu, joto na mguso.

Mwisho, osha mfupa mwembamba wa mguu au wa bawa, uuzamishe kwenye siki, uifunike na uibadilishe siki kila siku mbili. Baada ya juma moja hivi, utoe na uupinde. Wangu huu hapa, nauzungusha kidoleni kama kamba, kwa kuwa siki imeyayeyusha madini ya kalsiamu yaliyokuwa yakiupa ugumu. Kilichobaki kwa sehemu kubwa ni kolajeni. Uweke kwenye sufuria pamoja na kile kipande cha kano ulichohifadhi, uvichemshe kwa moto mdogo saa kadhaa katika maji machache, kisha uache mchuzi upoe. Vyote viwili vitakuwa vimelainika, na mchuzi wenyewe utaganda kuwa jelatini inayotikisika ukiugusa.