Edward Lear si wa Paka na Bundi Tu

Ndugu zangu, kila nikimtaja Edward Lear naambiwa, "Aa, yule wa mashairi ya paka na bundi!" Nimechoka. Mtu kazunguka Italia, Albania, Misri, Corsica, akaandika safari zake na kuzichora mwenyewe, halafu paka!

Kuzaliwa kwake London 1812, nyumba imejaa watoto, naruka. Twende Elbasan, Albania, Septemba 1848, enzi za Waosmani. Lear kakaa chini, daftari mapajani, penseli mkononi. Watu wamemzingira. Mara jengo wanalolijua linajitokeza kwenye karatasi. Ukapigwa ukelele: "Shaitan!" Hapo hamhitaji mkalimani, neno limetoka Arabuni, wao likawafikia kule, sisi huku. Shetani anachora! Kisha wakatia vidole mdomoni, wakampigia miluzi wote kwa pamoja. Lear akashindwa kujizuia, akaangua kicheko, nao wakacheka.

Najua kuna mtu pale nyuma anasubiri kuniambia, "Mwalimu, huyo si Mzungu mwingine tu aliyekuja kuwashangaa wenyeji?" Dharau anazo, zimo kitabuni, sizifichi. Ila siku ile kituko alikuwa yeye, na aliyetuhadithia ni yeye mwenyewe, kwenye kitabu chake cha 1851. Haya, nitajie wengine wa zama zile waliokubali kuchekwa kwa maandishi yao wenyewe. Nasubiri.

Tena msidhani alikuwa akitalii. Alikuwa na kifafa tangu utotoni, akawaficha hata marafiki; kikimshika, anatia alama ya msalaba kwenye shajara, basi. Na kazi ilimchosha. Njiani ni penseli, haraka haraka, pembeni kaandika mahali, tarehe, mara nyingi hata saa, na rangi za kutia baadaye. Miamba anaiandika "rox", utani wake huo. Wino na rangi ya maji vinafuata akishatulia. Halafu picha za kitabu cha Albania akazichora upya, kwa mkono wake, juu ya mawe ya kuchapia.

Malkia Victoria kumwita amfundishe kuchora, vipindi 12, mmeshasikia. Giorgio, mtumishi aliyekuwa naye miaka 27, alistahili mhadhara wake peke yake, lakini mwenyekiti anatazama saa. India naiacha. Alifia San Remo, Januari 1888. Foss alikuwa ametangulia miezi michache tu.

Foss? Paka wake. Haya, maswali, ila si ya paka.