Kabla ya Kumwandika Mama Kuwa Mtoro
Mhadhara kwa wanafunzi wa uuguzi

Wa nyuma sogeeni, leo sina kipaza sauti.

Mkimaliza chuo, baadhi yenu mtapangiwa CTC, kliniki ya huduma na matibabu kwa wenye VVU. Kwenye rejista mtakuta akina mama walioandikwa watoro, kwamba wameacha kuja kuchukua dawa. Kabla hujaongeza jina jingine, jiulize dawa zile zinakaa wapi nyumbani kwake.

ARV hapa Tanzania hazilipiwi, na tangu 2016 ukikutwa na VVU unaanzishiwa dawa bila kusubiri CD4, yaani chembe za kinga, zishuke. Ni jambo kubwa. Lakini chupa ya TLD, kidonge kimoja chenye ARV tatu, dolutegravir ikiwamo, ina vidonge 30 au 90, na ukiitikisa inalia. Mama ambaye mumewe hajui, na mama mkwe yuko chumba cha pili, atabandua lebo. Atajaza pamba ndani isilie, au atahamishia vidonge kwenye kopo jingine na kulifukia kwenye ndoo ya unga. Mume akisafiri, anameza vizuri. Mume akirudi, dozi zinarukwa. Wewe utaona tu wingi wa virusi umepanda, umrudishe kwenye ushauri wa ufuasi, yaani kumeza dawa bila kuruka. Ufuasi anaujua kuliko sisi!

Na kwa nini mume hajui? Wanawake wengi hugundulika kliniki ya wajawazito, maana huko kupima ni kawaida. Anayetangulia kupima ndiye anayeambiwa kaleta ugonjwa nyumbani. Halafu kuna vituo vinavyomwambia asirudi bila mwenza, au alete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mwingine anakwepa kituo cha jirani asionwe na wifi, anapanda daladala mbili. Dawa bure, nauli ya kwake.

Msidhani ni vituo tu vinavyomwamulia mwanamke. Mwaka 2018 utafiti wa Botswana ulitia shaka kwamba dolutegravir huenda inahusiana na kasoro za ubongo na uti wa mgongo kwa watoto ambao mama zao waliitumia tangu kutunga mimba. Nchi kadhaa zikawazuilia dawa hiyo wanawake wa umri wa kuzaa. Julai mwaka huohuo, wanawake 39 wanaoishi na VVU, kutoka nchi 18 za Afrika, walikutana Kigali wakasema: tupeni taarifa, tuchague wenyewe. Takwimu zilipoongezeka, hatari ikaonekana ndogo mno, na Julai 2019 WHO ikaipendekeza kwa wote. Mimi nasema walionewa mwaka mzima.

La mwisho ni saratani ya mlango wa kizazi. Mwanamke mwenye VVU yuko kwenye hatari mara sita zaidi. Kipimo cha siki, cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia, ni dakika chache, ila mara nyingi kiko chumba kingine, siku nyingine, na yeye leo kaaga anakwenda sokoni. Kwa hiyo mkifika kituoni, ulizeni chumba hicho kinafunguliwa lini. Kama si siku ya CTC, mfuateni mganga mfawidhi wiki hiyohiyo.

Haya, maswali.